Ndugu kwa Kila Jina

Babu,

Bado nausikia ukucha wako. Ulikuwa ukisoma gazeti barazani, ukifika penye "Mheshimiwa" unaligonga kwa kidole gumba, tak, halafu unasema peke yako, "Ndugu." Kurasa nyingine ziligongwa mpaka Bibi akapaza sauti kutoka jikoni: "Mzee, usilitoboe, mie nalitaka la kuwashia moto!"

Bibi hajambo. Njegere zake zimekubali mwaka huu, na anamtania kila anayekuja kumpa pole. Juzi alinisimulia ulivyomchumbia. Eti ulipanda mlima na shati lililopigwa pasi, ukasimama mbele ya wazazi wake ukamwita "Ndugu Veronika," naye akamnong'oneza dada yake: "Huyu kaja kunioa au kuniandika gazetini?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikacheka naye, Babu, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka, lakini hatukuacha kucheka.

Mimi nilizikuta enzi zenu zimepita. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba zamani nyinyi waandishi mlimwandika kila mtu Ndugu: waziri, fundi baiskeli, mkata miwa. Wewe ukazidisha, ukamwandika hivyo hata mshitakiwa wa wizi wa kuku. Mhariri akakupigia simu kutoka Dar es Salaam: "Mwizi naye Ndugu?" Ukamjibu: "Hajahukumiwa bado. Akihukumiwa nitamwandika Ndugu mfungwa."

Nilikubishia, unakumbuka? Nilikuuliza ni mkulima gani aliyewahi kushiba kwa kuitwa Ndugu. Ukasema: "Hakuna. Lakini akishajisoma hivyo gazetini, mkutano unaofuata haketi nyuma." Nilidhani ni mzee anayeukumbuka ujana wake.

Sasa sikia. Wiki hii redio yetu ilinituma Mlali, kwenye mkutano wa kivuko kilichobebwa na mafuriko. Diwani alizungumza sana. Kisha akasimama mama mmoja mkulima wa kabichi, Eufrasia, akamwuliza: "Wewe ukija huku unapita wapi? Maana sisi kabichi zinatuozea ng'ambo." Watu walipiga vigelegele. Niliandika habari, majina yote mawili yakiwa na Ndugu mbele.

Mhariri wangu, Dada Sabina, akaweka "Mheshimiwa" kwa diwani, na jina la Eufrasia akalifuta, akaandika "mkazi mmoja."

"Ndiyo mtindo wetu, mdogo wangu," akasema.

"Dada, huyu mkazi mmoja ndiye aliyeuliza swali."

"Na mkataba wako wa majaribio unaisha mwezi huu. Diwani akikasirika, nitakutetea kwa lipi?"

Unajua ninavyoipenda kazi hii; umenisikia nikisoma taarifa ya habari mbele ya kuku wa Bibi tangu nikiwa mdogo. Nilikaa pale nikijiuliza kama neno lako ni langu kweli, au nalibeba tu kwa sababu nimekukosa. Nikamkumbuka Eufrasia akinitajia jina lake taratibu, herufi kwa herufi, ili nisikosee. Basi nikajua.

Asubuhi hii nimeisoma hewani kama nilivyoiandika mimi.

Babu, simu! Eufrasia mwenyewe kapiga: "Mwanangu, huku tangu akusikie redioni mume wangu hanisemeshi bila kuanza na Ndugu. Leo kanichotea maji! Endeleeni hivyo hivyo!" Nyuma yake wanawake wanaangua kicheko, wanauliza mkutano mwingine lini. Wanataka viti vya mbele. Natamani ungewasikia.

Diwani naye kapiga. "Mimi na yule mama tunalingana?" Dada Sabina kaomba radhi, kakata simu, kanigeukia. "Habari inarudiwa saa saba," akasema. "Rudisha cheo chake, usijiharibie."

Lala salama, Babu yangu. Nitamtunza Bibi, na nakuahidi kwamba hakuna mtu atakayenipa jina lake halafu nikamtangaza kama mkazi mmoja. Kama nitafukuzwa, nitajua kesho. Leo saa saba nimeingia studio, nimewasha maiki, nimesoma: Ndugu diwani, kwa jina lake, na Ndugu Eufrasia, kwa jina lake. Swali la Eufrasia nimelisoma mara mbili.

Mjukuu wako