Dohani ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Mama ametoka jikoni mara nne asubuhi hii. Nimehesabu nikipiga mswaki. Anamimina uji wa mtama uliochachuka juu ya doka, lile bati la moto, anaubandua ukiwa kisra, mkate laini mwembamba, halafu anatoka nje, anashika ukuta, anakohoa, anarudi. Kisra haina subira ya kumngoja. Mbili zimeungua.

Daktari alisema wazi wiki iliyopita. Mvua zikianza na mlango wa jiko ukifungwa, kifua chake hakitavumilia msimu mwingine wa moshi. Kumwambia aache kupika ni sawa na kumwambia aache kusali. Gesi hataki. Anasema kisra ya gesi haina adabu.

Basi tunajenga jiko la matofali lenye dohani, moshi upande juu uende zake. Fundi yuko. Matofali yapo. Bado kibali.

Jumanne, 4 Machi
Ofisi ya ujenzi. Karani amesoma barua yangu mara mbili, akawaita wenzake. "Dada, na joto hili la Juba, nyinyi mnataka kuota moto?" Wakacheka. Nimecheka pia, meno tu. Walidhani nataka moto wa sebuleni, kama wa wazungu kwenye filamu.

Nikamweleza habari za mama. Akaacha kucheka, akavuta fomu. Fomu ina ukuta, choo, duka, kisima. Jiko hakuna. Akakata neno "duka" kwa kalamu, juu yake akaandika "jiko na dohani". Mungu ambariki. Vinatakiwa mchoro, sahihi ya jirani na ukaguzi wa injinia. Rahisi.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi Okello amechora. Mganda wa Gulu, mikono kama koleo. Amechora nyuma ya kalenda ya mwaka jana, mistari imenyooka kuliko ya vitabu vya shule yetu. "Moshi iko na kiburi, madam. Ukipatia yeye njia ndogo, narudi ndani." Namwamini huyu mtu.

Dohani itapanda upande wa jirani yetu, Mama Poni. Kwingine hakuna nafasi.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Poni amekataa kusaini.

Nimepita kwake asubuhi na karatasi na kalamu, nimeshachelewa kipindi cha kwanza. Akaniletea maji. Nikasema asante, sinywi, nina haraka, saini hapa tu. Akaitazama glasi. Akarudi nayo ndani. Hakutoka tena.

Nimekasirika siku nzima. Nimewafokea watoto wa darasa la tano bila kosa. Mtu mmoja na tukul yake, kibanda cha nyasi cha kupikia, anamzuia mama yangu kupumua. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumapili, 9 Machi
Mama amejua. Amenigombeza baada ya kanisa, na kengele bado inalia. "Umekataa maji ya mtu, halafu unamwomba jina lake?"

Miaka kumi na minne Nakuru, kwenye nyumba za ghorofa. Kule unabisha, unasema shida yako, unaondoka. Hapa mgeni anapokea maji kwanza. Ukiyakataa, umekuja na ubaya. Nilijua haya nikiwa mtoto. Nimeyasahau wapi? Aibu imenishika mpaka masikioni.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda bila karatasi. Nimekunywa maji, glasi mbili. Kisha chai. Sikutaja dohani.

Ameitaja yeye. Nyumba yake ya kwanza iliungua kwa cheche ya jirani, kiangazi, upepo unavuma. Alitoka na watoto na sufuria moja. Ndiyo maana anaogopa moto wa watu wengine. Alikuwa na haki.

Halafu akakohoa. Kikohozi kile kile cha mama. Miaka miwili tangu nirudi nakisikia asubuhi kutoka ng'ambo ya ua na sijawahi kuuliza ni nani. Nimejichukia kidogo.

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Mapema hivi! Mama akafunga mlango, akapika. Nilimkuta ameketi sakafuni, midomo imebadilika rangi. Nimempepea kwa kifuniko cha ndoo mpaka akanisukuma mkono. Naogopa. Sijui kuliandika vizuri zaidi.

Fundi Okello ana kazi Nimule wiki ijayo. Kibali kisipotoka, anaondoka.

Alhamisi, 13 Machi
Injinia amekuja. Mtu mpole, viatu safi. Amepima kutoka dohani ilipochorwa hadi nyasi za tukul ya jiko ya Mama Poni. Haitoshi. Hata jirani akisaini, haitoshi. Akakunja futi yake. Machozi yalinijia mbele ya mgeni.

Mama Poni alikuwa ng'ambo ya ua wa mianzi, anasikiliza yote. "Injinia, taal ini! Njoo hapa, kunywa maji kwanza." Akaenda, akanywa. Ana akili kuliko mimi.

Kisha Mama Poni akamwambia, "Tukul hii bomoeni. Nyasi imezeeka na kifua changu kimezeeka. Nitapika kule kwao. Jiko moja, doka mbili. Kalas."

Mama alikuwa wa kwanza kucheka. Injinia akafungua futi yake tena, akapima hadi nyumba ya kulala ya Mama Poni, ya mabati. Inatosha, na nafasi inabaki. Ameandika "jiko la nyumba mbili". Mama Poni ameandika jina lake polepole, herufi moja moja.

Jumatatu, 17 Machi
Kibali! Karani amenipa kwa mikono miwili. Ameomba aje kuiona dohani ikikamilika. Mke wake pia anapikia kuni.

Fundi Okello amewapigia watu wa Nimule. "Wao nangoja. Kifua ya mama hapana ngoja." Nimemshika mkono nikashindwa kuuachia.

Jumatano, 19 Machi
Tukul imeshuka. Mama Poni aliigusa nguzo ya kati, akasema kitu kwa Kibari, lugha ya kwao, akageuka. Mama amemshika bega. Sehemu ya ua imeondolewa ili apate njia. Okello ameanza msingi.

Jumamosi, 29 Machi
Mvua tangu alfajiri. Mlango wa jiko umefungwa. Moshi unatoka juu, mwembamba.

Nimekaa barazani na madaftari ya kusahihisha. Nusu saa, mama hajatoka. Saa nzima. Nikaingiwa na hofu, nikaenda kuchungulia.

Wanabishana. Yeye na Mama Poni, kila mmoja mbele ya doka yake, kuhusu mtama gani unachachuka vizuri. Wanasema wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa, hakuna anayepumzika kumsikiliza mwenzake. Hawakuniona.

Nimerudishia mlango taratibu. Asante, Bwana.