Sanda ya Bibi kwa Bei ya Serikali

Ijumaa. Mawingu yamekaa juu ya Kariakoo tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Jasho tupu. Nina hasira, na mtu akiniuliza nitasema ni joto.

Niseme kwanza kwamba mimi si mjinga. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, hatujakubaliana mpaka leo. Lakini kwenye masomo ya jioni pale karibu na Mnazi Mmoja, mimi ndiye ninayezungumza kuliko wote. Mwalimu mwenyewe ameshasema nikinyamaza darasa linakuwa kama msiba.

Wiki iliyopita alitusomea insha ya zamani, ya Mzungu mmoja aliyekufa siku nyingi. Ilihusu uchumi na kazi ya serikali. Nilivyoielewa mimi, huyo bwana alitaka serikali ilinde watu na mali zao, halafu ikomee hapo. Ikianza kuchukua kwa huyu ili impe yule, hata kwa nia njema, haitajua pa kusimama.

Nilisimama nikamchambua marehemu yule kama dagaa. Nikasema huyo hajawahi kupanga foleni ya sabuni. Aje aone mlanguzi amelala juu ya magunia ya sukari huku watoto wanakunywa uji wa chumvi, halafu atuambie serikali ikae barazani itazame. Serikali iingie! Ivunje milango! Darasa likapiga makofi, hata dada mmoja wa Ilala ambaye huwa hanitazami akanitazama.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama waziri.

Jumanne serikali ikaingia. Kwetu.

Ulikuwa msako wa bidhaa zilizofichwa, mtaa mzima, nyumba hadi nyumba, mgambo na balozi wetu wa nyumba kumi. Mimi nakaa na Bibi, mama yake mama, aliyenilea tangu sijui kujifuta kamasi. Siku hizi kifua kinamsumbua, akipanda ngazi mbili za baraza anakaa kwanza. Chini ya kitanda ana sanduku la bati, na ndani yake alikuwa amejiwekea sanda.

Wazee wengi wa pwani hufanya hivyo. Unanunua kitambaa chako cheupe cha bafta ungali na nguvu, unaikunja na kafuri, ili siku yako ikifika watu wasianze kukimbizana mitaani. Bibi alinunua yake zamani, vitambaa vilipokuwa vimejaa madukani, na kila mwaka kabla ya Ramadhani huitoa akaianika uani. Nami humtania, "Shikamoo bi harusi, hilo gauni litakupwaya." Naye hujibu, "Marahaba, mume wangu. Nimenunua kubwa ili na wewe uenee."

Mgambo aliyeliburuta lile sanduku ni kijana wa rika langu. Akaifunua bafta, akaipima kwa macho.

"Mpya kabisa, haijakatwa. Unamuuzia nani, mama?"

"Simuuzii mtu, baba. Ni yangu ya kuzikiwa."

"Kwani umekufa?"

"Bado."

"Basi huihitaji. Kuna wananchi wanaihitaji leo. Kuweka bidhaa ndani ndilo kosa lenyewe."

Balozi alikuwa anatazama viatu vyake. Anajua vizuri sanda ni nini, mama yake alikuwa nayo. Na mimi, bingwa wa darasa, nilikuwa nimesimama mlangoni natafuta neno. Maneno yote mazuri niliyokuwa nayo nilikuwa nimeshayatumia upande wao.

Wakaondoka nayo begani, pamoja na debe la mafuta ya taa la jirani.

Tangu siku hiyo Bibi hali vizuri. Halii, ingekuwa afadhali alie. Anakunywa chai kavu, anakohoa, anatazama chini ya kitanda kama vile kuna mtu ametoka hapo akaacha kuaga. Jumatano nikamwambia usijali, Bibi, zipo kanga. Akanitazama kwa huruma. "Kanga yenye maandishi? Niende kwa Mola wangu nimevaa mafumbo ya mke mwenza?"

Nilicheka. Kisha akaniuliza, bila utani, "Nikifa leo utanifunika na nini?"

Sikucheka tena.

Nikaenda ofisini walikopeleka mali za msako. Ndugu aliyekaa mezani hakuwa mkali, hilo niseme. Akanieleza taratibu kwamba mali iliyokamatwa haiwezi kurudi nyuma, ila itauzwa kwa wananchi kwa bei ya serikali, Ijumaa, duka la ushirika. "Nenda kapange foleni kama mwananchi mwingine," akasema, na nadhani aliona amenisaidia.

Kwa hiyo jana jioni nikaenda kuweka tofali langu linishikie nafasi kwenye foleni, katikati ya mawe na makopo ya wenzangu, na leo asubuhi nikalikuta limesogezwa nyuma. Nikapiga kelele zangu, nikarudishiwa nafasi.

Niliijua sanda ya Bibi kabla sijaiona. Ilipofunguliwa mezani, harufu ya kafuri ikafika mpaka kwetu nyuma. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu, mtoto mchanga mgongoni, akavuta pumzi akasema, "Hii safi, inanukia."

Muuzaji akachukua rula ya mbao na mkasi. Mita mbili kila mtu, ili wote wapate.

Nikaruka. "Ndugu, usikate! Hiyo ni sanda ya bibi yangu, nipe yote, nalipa yote!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Jamaa mmoja nyuma akanitambua. "Wewe si ndiye yule wa mwezi uliopita, uliyepita mbele eti mkeo anajifungua? Ndiyo tayari ameshazaa, ameshazeeka, leo anataka sanda?"

"Safari hii ni kweli!"

"Mlanguzi huyo! Rudi kwenye mstari!"

Muuzaji akaniambia kwa upole, "Ndugu yangu, nikikupa wewe yote, hawa niwaambie nini?" Mkasi ukapita. Unajua bafta nzuri inavyolia ikikatwa? Yule mwanamke akapata nepi za mwanawe. Mzee mmoja akapata pazia. Sina ugomvi nao, wote walikuwa na shida, na kila mmoja alilipa bei halali. Hakuna aliyeiba.

Ndiyo maana hasira yangu haina pa kwenda.

Bado simpendi yule Mzungu wa insha. Mlanguzi wa kweli wa mtaa huu namjua, na wakimfikia nitapiga makofi tena. Lakini mkono wa kupekua magunia yake ndio uleule ulioingia chini ya kitanda cha Bibi, na sikuona mahali uliposita. Ungesita wapi? Nani angeuambia? Mimi nilikuwepo, sikuuambia kitu.

Nimempa Bibi kipande chake. Amekinusa, amekijua. Akakipima kwa mkono wake, kiwiko hadi kidole, akarudia, kama vile mara ya pili kitaongezeka. Mwanamke akifa huvishwa vipande vitano.

"Kinatosha kichwa," akasema. "Na wengine wamepata?"

"Wamepata, Bibi."

"Haya." Akakiweka kwenye sanduku, akanituma nikamtafutie kafuri nyingine.

Kafuri nayo hakuna. Nimezunguka hadi miguu inauma.

Sasa namsikia anakohoa upande wa pili wa pazia. Wanasema Jumatatu kitambaa kinashuka Ilala, cheupe au cha maua hawajui, na mita ni zilezile mbili. Nitakwenda, nitasimama kimya, sitamdanganya mtu. Nikipata, nitakwenda tena kwingine, mpaka vipande vitoshe.

Naomba tu Bibi asife kabla sijafika kwenye dirisha la duka.