Mstari wa Verlyn

Minnesota, Novemba 9

Dada yangu mpenzi Ardis,

Salamu nyingi zikufikie huko Arizona kwenye joto lako. Goti linaendeleaje? Huku tu wazima, ila theluji imewahi na mafua yamekataa kunitoka.

Sasa kaa chini nikupe habari za mpwa wako. Jumanne ya uchaguzi Britta alikuwa karani wa kituo cha kura, hapa hapa kwenye ukumbi wa kanisa letu. Miaka kumi na saba! Umri wa kupiga kura hajafika, lakini wanafunzi wa sekondari wanaruhusiwa kufanya kazi hiyo, na shule nzima walichaguliwa watatu tu. Mimi niliyeishia darasa la kumi nimezaa mtu wa kuapishwa kusimamia kura! Nimemwambia kila mtu dukani, hata mleta gesi.

Alitoka saa kumi na moja alfajiri. Nikabaki na redio na kikombe kimoja. Ardis, nyumba hii ukiwa peke yako hata jokofu linaguna kama mtu. Nikaoka biskuti za shayiri ili nipate kisingizio cha kwenda kituoni.

Foleni ilifika mlangoni. Mbele yangu alikuwa mzee Gunnar wa kiwanda cha maziwa, amevaa kofia yenye jina la mgombea wake. Britta akamwomba kwa adabu aivue, humo ndani hairuhusiwi. Mzee akafoka, eti kitoto kilichomtapikia garini juzijuzi ndicho leo kinamvua kofia! Britta akamjibu kwamba ni kweli alitapika, na radhi anaomba, lakini kofia itoke. Watu wakacheka, mzee naye akacheka, akaivua. Nilitamani nipande juu ya kiti niseme huyo ni wangu.

Zamu yangu ikafika. Akaniuliza jina langu kamili kana kwamba hanijui, akanigeuzia daftari nitie sahihi. Nikatia. Akalitazama, rangi ikamtoka. Nilikuwa nimesaini kwenye mstari wa baba yake, Verlyn, ulio chini ya wangu.

Msimamizi, mama mmoja aliyeletwa kutoka mji mwingine, akaja akauliza huyo bwana yuko wapi, mbona nimemsainia. Wote pale walikuja mazikoni. Mzee Gunnar akainamia kofia yake. Nami, Ardis, nikasema yuko njiani, anaegesha gari. Nilisema hivyo mbele ya mtoto wangu aliyeapa.

Britta akasema polepole kwamba huyo ni baba yake, na alifariki Machi mwaka jana. Akachukua kalamu nyekundu, akaukata mstari, akaandika herufi za kwanza za jina lake mwenyewe pembeni kama walivyofundishwa. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wangu, akakiacha pale mpaka nilipomaliza kusaini.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Nilijua jina la Verlyn bado limo daftarini. Alifia Wyoming na lori lake, habari hazikufika ofisi ya uchaguzi ya huku, na mara mbili waliniletea kadi ya kuuliza kama bado anaishi hapa. Zote nilizificha kwenye kopo la unga. Sikwenda kwa ajili ya biskuti, wala kwa ajili ya Britta peke yake. Nilitaka kuliona jina lake limeandikwa karibu na langu. Macho yalilitafuta, mkono ukafuata.

Mtoto hakunilaumu. Aliniuliza tu kama Agosti, akienda chuo, nitaweza kukaa peke yangu. Nikamwambia asiwe na shaka na mama yake, nitaweza sana. Njoo Krismasi, Ardis, kama goti litakubali.

Mwaka jana kadi yangu ya Krismasi ilikufikia na majina mawili, langu na la Verlyn, ukanyamaza. Asante. Msalimie shemeji, na uwabusu wajukuu. Barua hii nimeitia sahihi mara moja tu.

Mdogo wako,
Marlys