Jicho Linalolilia Jina

Mpendwa Bi. Mshauri, naomba msaada wako, ingawa mwenyewe nina furaha hata kukaa siwezi, maana mwanangu wa kwanza alizaliwa na jicho la kushoto linalochuruzika machozi hata akiwa amelala, asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo, na mama mkwe wangu, Bibi Mashavu, akasema mtoto huyu analilia jina, hili la Athuman halitaki, anataka la marehemu babu yake Mhina, nami sikubisha kwa sababu tulipohamia kijiji kipya hapa Kang'ata nikiwa na mimba kubwa, mama huyu ndiye aliyebeba mzigo wangu na wake, akanichotea maji, akaenda shamba la kijiji kwa zamu yangu, hata mama aliyenizaa asingefanya zaidi. Lakini wiki ileile nilimpeleka mtoto kupimwa uzito, na Dada Rosina, muuguzi wa zahanati, akaniambia njia ya machozi imeziba, akanionyesha kubonyeza taratibu kwa kidole safi kwenye pembe ya jicho karibu na pua nikishusha chini, nami nikawa nafanya hivyo kila ninaponyonyesha. Jicho limekauka, alhamdulillahi, mama mkwe kachinja jogoo, kijiji kizima kinasema ni jina, nami nimenyamaza nikala paja. Sasa mtoto wa wifi yangu Tatu naye jicho linachuruzika, juzi pembeni mwa pua pamevimba pakawa pekundu, mwili unachemka, na mama mkwe anasema wasubiri Ijumaa ya kwanza ya mwezi abadilishwe jina, na huku wamtilie maji ya majani jichoni. Nikisema nitaonekana sina shukrani, nikinyamaza namwogopea mtoto. Nifanyeje?

Mwaija, Kang'ata, Handeni

Mwaija mwanangu, barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote, wenzako wanisamehe. Hongera kwa mtoto, na hongera zaidi kwa mama mkwe. Wengi wanaoniandikia wangempata wa namna hiyo wangeacha kununua karatasi.

Ila nawe usijivike kilemba cha ukoka. Njia hizo nyingi hufunguka zenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka. Vidole vyako vimesaidia, jina halijadhuru, Mungu amefanya yake. Mwacheni aitwe Mhina.

Mtoto wa Tatu ni habari nyingine. Palipovimba pakawa pekundu, na homa juu, hapabonyezwi wala hapatiliwi majani. Kama bado yuko nyumbani, anapelekwa hospitali leo hii. Ukimaliza kusoma hapa, jifunge kanga utoke.

Kwa mama mkwe usiende na ubishi. Piga magoti, umwambie: "Shikamoo mama. Jina ulilompa mwanangu nalipenda, na alichonifundisha muuguzi nilikuficha, unisamehe. Huyu wa wifi anaumwa, twende wote." Kumwambia ukweli mama aliyebeba mzigo wako ndiyo shukrani yenyewe. Unadhani atakushukuru akigundua baadaye kwamba ulijua ukanyamaza?

Bibi aliyekwenda shamba kwa zamu yako hatashindwa kumbeba mjukuu mpaka barabarani. Jina mtampa mkirudi, lolote mnalotaka, mradi awe na macho mawili ya kumtazama anayemwita.