Programu Inasema Umeshuka

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, magoti ya mama yamepoa, na baba ameacha kubishana na redio. Mimi sijambo, kasoro mguu mmoja, na roho inayochemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu hunikatiza, na leo sitaki kukatizwa.

Nilikwambia nimeingia chama cha watu wa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua, kuzichungulia ndani na kuzirekebisha. Kila mwezi tunapanda mlima, njia nzima wanabishana mambo ya kompyuta, tukishuka tunakunywa bia. Wenzangu wana shahada hadi za akiba. Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha, nikajifunzia kwenye kibanda cha kutengeneza simu. Lakini programu wanayoitumia wote niliiandika mimi, yuleyule unayemwita Kichwa Maji.

Acha nijisifu, maana wa kunisifia hayupo. Bia hukaa chini ya mlima ndani ya kasha lenye kufuli la namba. Kila anayefika hubonyeza "nimeshuka" kwenye simu yake, na wa mwisho akibonyeza ndipo programu inatoa namba ya kufungulia. Kiu ya wengi inamlinda aliye nyuma. Nani mwingine angewaza hivyo?

Sasa sikia. Jumamosi niliteleza karibu na kilele, kifundo kikavimba kama mpira, simu ikagonga mawe ikafa. Sikuogopa. Nilijua wale walevi hawawezi kunisahau, kiu itawarudisha tu. Jua likaanza kuzama, hakuna aliyekuja. Basi nikashuka kwa makalio, dada. Suruali uliyoninunulia usiiulizie.

Nikawakuta wana povu la bia midomoni, wanacheka. Kiongozi wetu, tunayemwita Kamanda, akaniona nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mguu hakuutazama. Alitazama simu yake kwanza, kisha akasema, "Mbona programu inasema umeshuka?"

Kumbe alikuwa ameifungua programu yangu akachomeka mstari wake: mtu asipobonyeza kwa muda, ahesabiwe ameshuka. Eti watu wa nyuma wanachelewesha starehe. Nikamuuliza nani kamruhusu. Akanipigapiga begani, akaniambia dogo, programu huria kila mtu ana haki ya kuirekebisha, ungesoma kidogo ungeelewa. Wote wakacheka, isipokuwa daktari mmoja wa meno, ambaye alinivutia kiti.

Nikamjibu, "Huria si holela, Kamanda. Hukurekebisha programu. Umenifuta mimi."

Ningeweza kuishia hapo. Unanijua, hasira zangu ni moto wa karatasi. Lakini alipoinuka kuongeza bia, simu yake ikaita mezani, na kwenye kioo ikatokea picha yako, ile ya gauni la bluu. Niliipiga mimi.

Ndiye huyo mchumba wako unayemwita Mpole, dada. Huyo apendaye milima, asiyeonja pombe hata kwa ulimi, anayekuja nyumbani mwezi ujao kuonana na wazazi. Hajui mimi ni nani wako. Sikumwambia, nilihofia ningemwambia kwa chupa.

Sikukatazi kumpenda, wewe ndiye mkubwa, na moyo wako nao ni huria. Ila nina hakika jioni ile alikwambia wamerudi wote salama. Basi siku atakayokuja, nitakuwa mlangoni na gongo langu la kutembelea. Kabla hajakaa, muulize nani alishuka wa mwisho. Akitazama simu kabla ya kunitazama mimi, jibu umelipata.

Mama mbusu kwa niaba yangu. Baba mwambie niliumia nikicheza mpira, ataelewa zaidi.

Mdogo wako, ambaye simu ya mchumba wako inasema alishuka zamani,

Kichwa Maji