Dole la Mwenyekiti

Ulemo, 2 Agosti 2023

Eliza, mke mwenzangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Tabora kwa masista? Unakula, unalala? Mimi mzima, nafukuza kuku kwenye alizeti kutwa. Simu mmekatazwa, basi tuandikiane kama watu wa zamani. Anayeandika ni Sara, mke wa mjomba wako. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka, asinitengeneze.

Mwaka huu nakwenda hija, kwa miguu, siku nne, mpaka Kilima cha Msalaba ng'ambo ya Sekenke. Ulipokuwa na miaka mitatu degedege lilikukunja, nikamwambia Mungu: niachie huyu, nami nitakuja kwako kwa miguu yangu. Akakuacha. Mimi nikaanza visingizio, mara kuvuna, mara mazishi. Sasa wewe ni mnovisi wa miaka ishirini na mmoja na nadhiri yangu bado imekaa. Naona haya hata kupiga ishara ya msalaba.

Nilidhani hija ni kubeba maji na kwenda. Kumbe ni karatasi! Cheti cha ubatizo kipo. Mtendaji wa kijiji amegonga muhuri wake. Unabaki wa paroko, ndio wa kuonyesha kila parokia tutakayolala. Lakini paroko hagongi mpaka mwenyekiti wa jumuiya aweke dole, kwamba huyu tunasali naye na anaishi kwa amani na wenzake. Na mwenyekiti ni nani? Severina! Aliyeniibia debe la alizeti mwaka juzi, nikamwambia hivyo mbele ya jumuiya nzima. Nimpelekee karatasi yule? Afadhali nitafune kuni.

Waombe masista wako wanigongee muhuri wao. Muhuri ni muhuri.

Bibi yako,
Anastazia


Tabora, 11 Agosti 2023

Bibi yangu mpenzi,

Milele amina, na shikamoo. Mimi sijambo, nimenenepa, ungeniona ungecheka. Msalimie sana Anti Sara.

Nilimuuliza Mama Mlezi, sista anayetulea sisi wanovisi, habari ya muhuri. Alicheka kwanza, kisha akasema muhuri wa huku hauwezi kumshuhudia mtu wa huko.

Nenda kwa Mama Severina, Bibi. Yeye ndiye aliyeweka dole kwenye barua yangu ya kuja huku. Hakuniuliza swali hata moja. Alisema tu, "Nenda mwanangu, ukatuombee." Nakuomba uende. Kuna jambo nilitaka kukuandikia, lakini kengele imelia.

Mjukuu wako,
Eliza


Ulemo, 24 Agosti 2023

Mjukuu wangu,

Salamu zako zimefika. Afya ipo, uso ndio sina.

Sikwenda kwa Severina. Nilikaa na ile karatasi siku tatu. Nikajiambia, Severina hakusoma, mimi sikusoma, wote tunaweka dole. Dole lina jina? Nikachukua wino wa Sara, nikaweka la kwangu kwenye mstari wangu, kisha lilelile kwenye mstari wa mwenyekiti. Sara hakuniona, asilaumiwe.

Jumapili baada ya misa nikampa katekista Urbano karatasi. Akaitazama, akaigeuza juani, akasema kwa sauti yake ile ya kusoma matangazo: "Bibi Anastazia, wewe na mwenyekiti mlikatwa na kisu kimoja?" Lile kovu langu la kukata mtama, Eliza! Lilitoka mara mbili, mapacha. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Severina alikuwa amesimama pale pale na kitenge chake cha kanisani. Yeye peke yake hakucheka. Aligeuka akaenda zake.

Karatasi amebaki nayo Urbano. Tangu siku ile maji nateka mchana wa jua kali, wakati kisimani hakuna mtu. Mimi niliyemwita mwenzangu mwizi nimemwibia dole. Nadhiri sijui itakwendaje tena. Usinihurumie, niombee tu.

Bibi yako,
Anastazia


Tabora, 30 Agosti 2023

Bibi,

Shikamoo. Nimeiandika barua hii mara nne nikaichana. Anti Sara, ukifika hapa tafadhali usimrukie Bibi hata mstari mmoja.

Debe la alizeti nilichukua mimi.

Nilitakiwa kwenda kwenye usaili wa masista na sikuwa na viatu, nilikuwa na ndala tu. Nikaogopa kukuomba, maana ulikuwa hutaki hata kusikia habari ya utawa. Siku hiyo ulikuwa mnadani. Nilipokuwa nalitoa nyuma ya nyumba, Mama Severina alipita na mzigo wa kuni. Tukatazamana. Akaendelea na njia yake.

Siku uliposimama kwenye jumuiya ukamwita mwizi, nilikuwa mkekani pembeni yako. Hakukutazama wewe, alinitazama mimi. Akasema tu, "Mungu anajua." Nami nikainamia rozari yangu.

Nimemwambia Mama Mlezi. Hajasema kama nitabaki au nitarudishwa. Bibi, nenda kwa Mama Severina, na jina langu ulitaje. Usinifiche.

Mjukuu wako, kama bado unaniita hivyo,
Eliza


Njiani, 13 Septemba 2023

Eliza, mke mwenzangu,

Amani ya Bwana ikukute mzima. Mwandiko huu si wa Sara. Anayeandika ni Petro, katibu wa parokia tuliyofika leo, ametugongea muhuri na kutupa uji.

Sara alisoma, akafika kwenye alizeti, akaishusha barua. Nikamwambia endelea. Akasema, "Ngoja nijifute macho, mama." Nilikukasirikia siku nzima. Kisha aibu ikaja, hasira ikakosa pa kukaa.

Nilimkuta Severina anapepeta mtama. Nikapiga magoti. "Inuka, Anastazia, unanimwagia mtama."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungempiga mtoto, na masista wasingemchukua. Mdomo wako mimi nimeshauzoea."

Jumamosi nikasimama kwenye jumuiya. Ulitaka nikutaje. Sikukutaja. Nilisema: alizeti yangu ilitolewa na mtu wa nyumba yangu, na mimi nikamtukana mtu wa nyumba ya mwenzangu, kisha nikaiba dole lake. Mzee Hosea akauliza, "Mtu gani huyo?" Nikamwambia, "Keti, Hosea." Lako utalisema mwenyewe, umesimama kwa miguu yako. Na masista wakikurudisha, rudi. Mlango ni wako, nitakugombeza, kisha tutakula.

Urbano akaleta karatasi mpya, Severina akaweka dole. Lakini paroko alikuwa kwenye misa za vigangoni, akarudi Jumatatu, mahujaji wameshaondoka Jumapili. Akasema, "Bibi, mwakani." Severina akamjibu, "Baba, mwakani huyu atakuwa anatambaa. Niandikie na mimi, twende wawili." Akagonga karatasi mbili.

Natembea nyuma yake. Nimetaka kumbebea mzigo, amekataa. Rozari yeye anaanza, mimi naitikia. Hajaniambia kama amenisamehe, na mimi sina uso wa kuuliza.

Leo kwenye mteremko wa Sekenke miguu ilinigomea, nikakaa juu ya jiwe. Akasimama mbele huko. Hakugeuka, hakuniita. Alisimama na jua lile mpaka aliposikia kandambili zangu zinakuja, ndipo akaendelea.

Bibi yako,
Anastazia