Siku Laurent Alipoitwa Bienfait

Kashojwa, 6 Julai

Shemeji Bienfait,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Ruti. Sisi tunaendelea. Mahindi aliyoyapanda Laurent yamezaa, na watoto bado wanamwekea kiti chake.

Mtu wa bima ya ile kliniki ya Mbarara alikuja. Alieleza kwa upole kwamba, hata nikidai fidia leo, bima yao haigusi kosa lililofanyika kabla ya tarehe moja Aprili. Nikapumua, maana ndugu yako alipasuliwa tarehe tisa Aprili.

Akasema, "Hapana, mama. Daktari alikosea tangu Machi ishirini na nne, alipomrudisha nyumbani na vidonge. Hatuwezi kulipa."

Shemeji, siku ile ya Machi kitambulisho cha Laurent kilikuwa ofisi za kambi, Base Camp, kikibadilishwa, akatumia chako. Kliniki iliandika jina lako, si lake. Nakumbuka alivyorudi akicheka: "Muuguzi aliniita Bienfait, nikasahau kuitika!" Tulijua watatu tu, na mmoja tumemzika.

Mimi sikumwambia mtu. Lakini yule bwana alijua hata kwamba wewe ndiye uliyempeleka kwa pikipiki. Jirani yangu Pascaline anasema umepata kazi ya ulinzi hapo kliniki. Labda ni maneno ya watu.

Sitakugombeza. Kama ulisema bila kujua maana yake, niandikie hivyo, nami nitaamini. Ukinyamaza, nitakuwa nimejibiwa.

Mke wa ndugu yako,
Eugénie